Vyombo vya Drusilla

Mwaka ambao Drusilla Nyakerario aliacha ualimu akafungua duka la vyombo mjini Kisii, baba yake hakumsemesha mpaka mahindi yalipovunwa.

Mzee Josiah Angwenyi alikuwa mwalimu mkuu mstaafu na mzee wa kanisa la Waadventista huko Gesima. Nusu ya watu wazima wa eneo lile walipita mikononi mwake, na wengi walikuwa bado wakisimama wakimwona akija. Kwake watu walikuwa wa namna mbili: waliosoma, na wale ambao hawakupata bahati ya kusoma. Lakini mtu aliyesoma, akaajiriwa na serikali, kisha akaandika kwa mkono wake mwenyewe kwamba anaacha kazi akauze sufuria, huyo, mzee hakujua amweke fungu gani.

"Ulikuwa unaitwa mwalimu," alimwambia siku aliyoamua kuzungumza naye tena. "Sasa utaitwaje?"

"Nitaitwa Drusilla, tata," alimjibu kwa heshima, akitumia neno la kwao la baba.

"Drusilla ni jina. Jina hata ng'ombe analo."

Katika ujana wa mzee, mtu wa kwanza wa kabila lao kufungua duka pale Magwagwa alisemekana anafuga nyoka kwenye stoo, na kwamba nyoka huyo alikuwa akimtapikia sarafu kila alfajiri. Watu walinunua chumvi kwake mchana na kumkwepa njiani jioni. Duka liliteketea, na hakuna aliyeuliza limeteketezwa na nani. Mzee Angwenyi hakuamini habari ya nyoka. Yeye alikuwa mtu wa misheni. Hata hivyo aliisimulia mara nyingi, na kila mara aliimaliza kwa kusema kwamba Muhindi ndiye aliyeumbiwa duka, na Mgusii aliumbiwa kalamu na shamba.

Drusilla aliuza. Alianza na ndoo na majaba ya kuhifadhia maji, akaongeza sufuria, kisha sahani, kisha zile chupa za chai ambazo akina mama wa vijijini hununua kwa vikundi. Aliamka mapema, alisimama kutwa, akajua mama gani anataka kifuniko kinachobana na yupi anataka maua makubwa. Binti yake Valentine alisoma shule ya bweni kwa duka hilo. Baba yake msichana huyo alikwenda Nairobi kitambo na hakurudi. Mabati ya nyumba ya mzee pale Gesima yalitoka kwenye duka hilo. Dawa za presha za mzee vilevile. Siku ya kuchangia jengo la kanisa, Drusilla alitoa simenti ya ukuta mzima, na karani wa kanisa alipoita majina alisoma, "Familia ya Mwalimu Angwenyi."

Jirani yake dukani alikuwa Hodan, mwanamke wa Kisomali wa rika lake aliyeuza vitambaa na madera. Familia yake ilikaa ghorofa ya juu ya maduka yao. Babu yake Hodan alikuja Kisii akifanya biashara ya ngozi, wakati mji ulipokuwa barabara moja, na tangu hapo hawakuhama. Mama yake Hodan, Asli, alikuwa akishuka kila asubuhi kukaa kwenye kiti cha plastiki mlangoni, na akiulizwa hali yake alijibu kwa kumwonyesha mwanawe: "Huyu ndiye mwenye duka." Alisema hivyo hata kwa watu wanaomjua Hodan tangu akiwa mdogo.

"Kwetu asiye na duka ndiye anayeulizwa kuna nini," Hodan alimwambia Drusilla siku moja wakinywa chai ya tangawizi. "Binti akija kuposwa, wanauliza: baba yake anauza nini? Ukisema ameajiriwa, wanakuhurumia."

"Njoo tubadilishane wazazi."

"Usinitamanie, dada. Mimi nimezaliwa hospitali ya hapa hapa, Ekegusii nasema kama wewe, na kila mwaka lazima mtu aniulize mali hii nimeipitisha mpaka gani." Hodan alicheka, lakini si sana. "Wewe ni mtoto wao wanayemwonea haya. Mimi ni mgeni wanayemwonea wivu. Sijui nani ana nafuu."

Ulipofika mwezi wa Juni kukawa na maandamano. Vijana walikuwa na hasira na serikali, na Drusilla aliwaelewa. Hata yeye alikuwa na hasira. Alifunga duka tangu asubuhi, akatia kufuli mbili, akapanda juu kwa Hodan. Kutoka dirishani waliona umati ukipita ukiimba, na mwanzoni ulikuwa umati mzuri, wa wasichana waliojifunga bendera mabegani na wavulana wenye filimbi. Baadaye polisi walirusha gesi ya machozi, umati ukakatika vipande, na vipande vingine havikuwa na habari na serikali tena.

Abdirahman, kaka yake Hodan aliyeuza magodoro, aliteremka na wanaume wengine wa msikitini, wakakaa chini kwenye kibaraza cha maduka yao, bega kwa bega. Hawakushika kitu. Vijana walipofika waliwatukana. "Rudini kwenu!" mmoja alipiga kelele, na Abdirahman akamjibu kwa Ekegusii safi kwamba kwao ni pale anapokaa. Baadhi walicheka, wakapita.

Duka la Drusilla lilikuwa la pembeni, baada ya kona. Hodan alimpigia kelele kaka yake dirishani ajongee na huko. Alijaribu. Lakini gesi ilidondoka katikati yao, wale wanaume wakatawanyika wakikohoa, na waliporejea walitosha kukinga milango yao tu.

Drusilla alikuwa na simu mkononi. Alimpigia kaka yake Duke, aliyeajiriwa ofisi za kaunti. Simu ikaita mpaka ikakata. Akampigia Ondieki, mtoto wa baba yake mdogo, aliyeendesha bodaboda huko Manga.

"Ondieki, wanavunja! Niko juu kwa Hodan, siwezi kushuka. Kuja na wenzako mkae tu mlangoni."

"Nakuja, dada. Nakuja saa hii."

Alisikia mlango wa chuma ukilia. Kishindo cha kwanza, cha pili, kisha mlio mrefu kama wa bati linalochanwa. Halafu sauti aliyoifahamu kuliko zote, sufuria zikigongana, isipokuwa sasa hakuna mteja aliyekuwa akizichagua. Aliziba uso kwa mtandio wa Hodan na kukaa sakafuni. Bibi Asli alikaa karibu naye, akamshika mguu.

Waliposhuka jioni, dukani mlibaki rafu na vigae. Hata pazia la nyuma lilikuwa limechukuliwa. Bima aliyokuwa nayo, aliambiwa baadaye, ilikuwa ya moto na wizi wa kawaida, na ghasia za umma hazikuwemo. Mwenye nyumba alimpa pole, kisha akampa chumba muuza simu kutoka Kisumu.

Watu wa Gesima walimpa pole pia. Pole zao zilikuwa za ajabu. "Mungu ni mwema, hukuwa ndani." "Hao wenye maduka makubwa wamejifunza." Mmoja alimwambia kwa furaha ya kweli kwamba sasa atapumzika. Ondieki hakuonekana. Alituma ujumbe kwamba alikwama njiani, polisi walifunga barabara.

Mwezi wa Agosti Mzee Angwenyi alitimiza miaka themanini, na kanisa pamoja na wanafunzi wake wa zamani wakamwandalia sherehe ya shukrani, Jumapili, nyumbani kwake. Mahema yalisimamishwa karibu na shamba la majani chai. Wachungaji walikuja, walimu wakuu walikuja, diwani akaja na kipaza sauti chake. Drusilla alifika tangu Ijumaa na Valentine kusaidia jikoni, kwa sababu hilo ndilo alilobaki nalo la kutoa.

Baada ya maombi mwendesha shughuli, mwalimu mwenye sauti nene aliyeitwa Nyakundi, aliwainua watoto wa mzee mmoja mmoja. Duke alisimama, suti ya bluu, "afisa wetu wa kaunti," watu wakapiga makofi. Salamu za dada yao aliye Amerika zilisomwa, "nesi wa kimataifa," makofi yakazidi. Kisha Nyakundi akamtafuta Drusilla kwa macho, akampata amesimama nyuma na trei.

"Na huyu ni Drusilla. Alikuwa mwalimu mzuri sana. Kwa sasa yuko tu hapo mjini, anajaribu jaribu. Tumwombee."

Watu walisema amina.

Chai ikaletwa. Akina mama wa kanisa walitoa chupa kwenye chumba kilichokuwa kimefungwa katika nyumba kubwa, chupa nyekundu zenye ua kubwa jeupe, moja kwa kila meza. Drusilla alizitazama zikipita akafikiri kwamba wengi wana chupa za namna ile. Akaichukua iliyokuwa karibu, akammiminia bibi mmoja, na alipoiinua juu ya kikombe aliona chini yake ile stika ndogo ya bei. Namba ziliandikwa kwa kalamu ya kijani. Saba yake ilikuwa na mkia uliopinda, kama alivyoiandika ubaoni miaka yote ile.

Alimaliza kummiminia yule bibi. Akamwekea na sukari. Akaenda meza ya pili, akainua chupa, akaangalia. Ya tatu. Kwenye meza ya wachungaji wali ulikuwa ndani ya hotipoti zake, na mchuzi katika yale mabakuli ya kijani aliyoyafuata mwenyewe Nairobi.

Wa nyumbani aliyepokea simu yake siku ile alikuwa mmoja tu, Ondieki, naye alikuwa nyuma ya nyumba, karibu na moto. Alipouona uso wa Drusilla hakuhitaji kuulizwa.

"Ulisema polisi walifunga barabara," Drusilla alisema.

"Dada, sikiliza. Uliniita, si ndio? Nilikuja mbio. Nikakuta washavunja. Watu wanatoka na vitu hivi na hivi. Ningefanya nini, nisimame tu niangalie wageni wakibeba zote? Nikasema afadhali zije nyumbani."

"Nyumbani kwa nani? Mimi nilikuwa juu, jirani na hilo duka. Ungeniita ningekusikia."

"Nilijua bima italipa. Nyinyi wa biashara mko na bima." Alisema bila hila, kama mtu anayeeleza jambo ambalo kila mtu analijua. "Na mimi sijauza hata moja. Uliza tata mkubwa. Nilimletea zote, yeye ndiye alisema ziwekwe za sherehe."

Drusilla alisimama pale kwenye moshi. Alikuwa amejiandaa kumchukia Ondieki, na sasa mtu wa kuulizwa alikuwa mwingine.

Alimkuta baba yake sebuleni. Mzee alikuwa ameingia kubadilisha koti. Kuta za chumba kile zilijaa picha za madarasa ya watahiniwa, safu kwa safu.

"Tata, ulijua vyombo vile ni vyangu?"

Mzee alifunga kifungo cha koti, taratibu. "Nilijua ni vya duka."

"Duka la nani?"

"Drusilla, watu wananingoja."

"Ulipokuwa mwalimu mkuu ulimchapa mtoto mbele ya shule nzima kwa sababu ya chaki moja. Mimi nilikuwepo. Ulisema mwizi wa chaki ni mwizi wa ng'ombe kesho."

"Chaki ilikuwa ya shule," mzee alisema, na kwa mara ya kwanza alimtazama. Hakuwa na hasira. Alikuwa akimfundisha. "Ya shule ni ya watu wote, watu waliitolea jasho. Ya duka ni tofauti. Unanunua hapa, unaongeza juu yake, unamuuzia mwenzako. Ile uliyoongeza ni jasho la nani? Mimi sikumwambia Ondieki akachukue. Lakini vilipokuja, niliona ni sawa vikae nyumbani, vitumike siku ya heshima. Wewe utanunua vingine. Ndiyo kazi uliyochagua, kununua."

"Mabati haya yalitoka kwenye hiyo niliyoongeza juu. Dawa zako—"

"Unanisimbulia dawa?" mzee aliuliza. "Siku ya leo?"

Akachukua fimbo yake akatoka, na watu hemani wakasimama.

Drusilla alikaa kidogo mle ndani. Kisha alitoka, akaenda moja kwa moja hadi kwa Nyakundi, akamwomba kipaza sauti. Nyakundi alifurahi. "Neno kutoka kwa binti!" alitangaza.

Drusilla alishika chupa nyekundu kwa mkono mwingine. Sauti ilitoka vizuri, sauti ya darasani.

"Mabibi na mabwana, chupa hizi mnazonywea chai ni zangu. Hotipoti ni zangu. Mabakuli yale ya kijani ni yangu pia. Vyote vimetoka dukani kwangu, Kisii mjini—"

Alivuta pumzi aseme neno lililobaki, na katika pumzi hiyo Nyakundi alicheka ndani ya kipaza sauti cha pili.

"Mnaona mfanyabiashara! Hata siku ya baba yake lazima atangaze bidhaa!"

Hema zima lilipasuka kwa kicheko. Kilikuwa kicheko kizuri, kisicho na uovu, cha watu walioshiba. Diwani alipiga meza. Mchungaji alifuta machozi kwa kitambaa.

"Viliibwa!" Drusilla alisema. "Viliibwa siku ya maandamano!" Lakini kipaza sauti chake kilikuwa kimezimwa tayari, kwaya ilikuwa imeinuka, na waliosikia ni wale wa meza ya mbele tu. Mmoja wao, mke wa mchungaji, aliangalia sahani yake. Mwingine alimshika mkono akamwambia kwa upole, "Mama, hayo ya duka utayamaliza kesho. Leo ni ya mzee." Na bibi yule aliyemmiminia chai kwanza alimvuta nguo.

"Hii chupa," aliuliza, akiigeuza, "unauza ngapi? Hii bei ya hapa chini iko juu sana. Nipunguzie, mimi ni wa nyumbani."

Drusilla alimwangalia Valentine. Msichana alikuwa amesimama na wenzake karibu na jiko, na alikuwa ameinamisha kichwa. Haya ilimjaa mpaka shingoni, na hakuwaonea wezi, alimwonea mama yake.

Aliondoka jioni hiyo hiyo kabla ya keki. Hakubeba chombo chochote. Hakuna aliyemzuia kubeba. Ondieki hata alijitolea kumfungia kwenye pikipiki. Lakini akina mama walikuwa wakianza kugawana vilivyobaki kama zawadi kwa wageni waliotoka mbali, na hakutaka kuonekana anawapokonya bibi vizee mikononi.

Kwa muda aliuza kwenye meza moja, ndani ya duka la Hodan, vijiko na vikombe. Hodan hakutaka kodi. Bibi Asli aliongezewa jambo la kusema: "Na huyu pia ana duka lake, linajengwa." Drusilla aliposikia maneno hayo alikuwa akigeuka kupanga vijiko ambavyo vimepangwa tayari. Biashara haikuinuka. Alichoka kwa namna ambayo usingizi hauiondoi. Angeweza kukopa, Abdirahman alikuwa radhi kumdhamini. Alikwenda hadi kwenye mlango wa benki, akaona mabango ya watu wanaotabasamu mbele ya maduka, akarudi.

Januari, baba yake alimpigia simu kama kwamba hakuna lililotokea. Kulikuwa na shule ya binafsi karibu na Gesima, mwenye shule alikuwa mwanafunzi wake wa zamani, na walihitaji mwalimu wa somo la Biashara. Mwenye shule hiyo alikuwa akiuza sare, akiuza vitabu, akiuza hata maji ya kunywa kwa wanafunzi, lakini watu walimwita Mkurugenzi, na kanisani alikaa mbele.

Mshahara ulikuwa mdogo kuliko alichokuwa akimlipa msaidizi wake dukani. Alikubali.

Jumamosi iliyofuata mzee mwingine wa kanisa alitangaza habari hiyo kwenye ibada, na watu wakamgeukia Drusilla pale alipokaa, wakampungia, wengine wakamwita, "Mwalimu! Mwalimu!" Baada ya ibada alisalimiwa na watu ambao kwa miaka walikuwa wakimpita. Mzee Angwenyi alimshika bega mbele ya wote, mkono mzito na wenye furaha, akamtambulisha kwa mgeni mmoja kutoka Nyamira: "Huyu ni binti yangu. Ni mwalimu."

Hodan alipata habari kwa simu. Alisema tu, "Meza yako nitaiacha hapo hapo, dada," na wote wawili walijua kwamba mwisho wa mwezi ataweka juu yake marobota ya vitambaa.

Usiku wa siku yake ya kwanza kazini Valentine alipiga simu kutoka bwenini kwa simu ya matroni. Alikuwa ameshaambiwa na babu.

"Mama, hongera!" Sauti yake ilikuwa nyepesi, kama ya mtu aliyetuliwa mzigo. "Wenzangu walikuwa wakiniuliza kila siku mama yako anafanya nini, na mimi nilikuwa sijui niseme nini."

Drusilla alikuwa amekaa kitandani, chaki ikiwa bado imemganda kwenye kucha kutokana na somo la kwanza, lile la maana ya mfanyabiashara katika jamii. Wanafunzi walikuwa wameliandika lote bila swali.

"Sasa unajua," alimwambia mwanawe. "Haya, lala. Kesho una masomo."